Nimpeleke Mama hoteli ipi Amsterdam kwa siku mbili?

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Ninaishi Tabata Segerea, nimeolewa, nina watoto wawili, na ninafanya kazi ya uhasibu kwa wakala mmoja wa forodha jirani na bandari. Mdogo wangu wa kiume anasoma shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Wageningen nchini Uholanzi, na huu ni mwaka wa pili mama hajamtia machoni. Familia tumechangishana nauli, maombi ya viza tutayapeleka wiki ijayo, na mimi ndiye niliyepewa jukumu la kumsindikiza mama.

Tutaondoka Dar usiku wa tarehe 25 Aprili, ili sikukuu ya Muungano iniokolee siku moja ya likizo, tutafika uwanja wa ndege wa Schiphol saa moja asubuhi ya tarehe 26, na tutarudi kwa ndege ya asubuhi ya tarehe 10 Mei. Mdogo wangu ana mtihani tarehe 28 na chumba chake ni cha kushirikiana na wenzake, ila kuna rafiki yake atakayetuachia nyumba kuanzia jioni ya siku hiyo. Kwa sababu hiyo tumepanga siku mbili za mwanzo tulale Amsterdam.

Amsterdam ni ombi la mama mwenyewe. Marehemu baba alikuwa baharia, na tangu tukiwa wadogo alikuwa akimsimulia habari za mji ambao maji yanapita mbele ya milango ya watu na mashua zinakatiza chini ya madirisha. Mama si mtu wa kuomba vitu. Safari hii aliniambia, "Nikifika huko, nataka niyaone yale maji ya baba yenu."

Tatizo ni magoti yake. Ana miaka 69, na akilivuka daraja la waenda kwa miguu pale Manzese hupumzika mara mbili kabla hajafika juu. Mdogo wangu amenitumia picha za hoteli ndogo katika nyumba ya kale kando ya mfereji wa Prinsengracht, chumba kipo ghorofa ya tatu, dirisha linatazama maji, euro 190 kwa usiku. Mume wangu anaona hizo ni fedha za bure, na amepata hoteli karibu na uwanja wa ndege kwa euro 120, yenye basi la kupeleka wageni uwanjani. Shemeji yangu naye anasema tulale kwenye nyumba inayoelea majini, ili mama aishike hadithi ya baba kwa mikono yake. Nikimuuliza mama, jibu lake ni moja tu: "Mimi popote mtakaponilaza nitalala."

Uwezo wetu hauzidi euro 200 kwa usiku kwa watu wawili. Hoteli ya Prinsengracht inatoa punguzo kwa atakayelipa sasa, lakini fedha hairudishwi. Nina siku tatu za kuamua. Naomba uniongoze.

Binti wa Baharia, Tabata


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Kabla sijagusa habari ya hoteli yoyote, niruhusu niguse kalenda, kwa sababu ndani ya barua yako kuna jambo ambalo nadhani hamkuliona, na ambalo lingeweza kuiharibu safari ya mama hata kama mngepata chumba kizuri kuliko vyote. Tarehe 27 Aprili ni sikukuu ya kuzaliwa kwa Mfalme Willem-Alexander, ambayo Waholanzi huiita Koningsdag, na ikiangukia Jumapili husogezwa nyuma hadi tarehe 26. Siku hiyo Amsterdam yote huvaa rangi ya chungwa, watu humiminika kutoka kila pembe ya nchi, wenyeji hutandika bidhaa zao kuukuu njiani na kuziuza, mifereji hujaa mashua za muziki, na tramu, yaani treni ndogo zinazopita barabarani, husimamishwa au hukatishwa njia katikati ya mji kwa sababu hazina pa kupita. Sherehe huanza tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Kwa kijana wa miaka 25 ni siku ya kukumbukwa. Kwa mama wa miaka 69 mwenye magoti mabovu, ambaye amekesha kwenye ndege na anataka kuyatazama maji kwa utulivu, ni siku ya kufungiwa chumbani kwa bei ya juu kuliko siku nyingine nyingi za mwaka.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuupindua mpangilio wenu: Amsterdam iwe mwisho wa safari, isiwe mwanzo. Mtakapotua tarehe 26, msiingie mjini kabisa. Kituo cha treni cha Schiphol kipo chini ya jengo lenyewe la uwanja wa ndege, na kutoka hapo kuna treni za moja kwa moja zinazopita Utrecht na kusimama kituo cha Ede-Wageningen, safari ya zaidi kidogo ya saa moja. Tafuteni hoteli ya kawaida katika mji wa Ede, jirani na kituo, mlale hapo usiku wa tarehe 26 na wa 27. Mdogo wako anaweza kuja jioni kula nanyi bila kuuvuruga mtihani wake, na mama atamwona mwanawe siku ileile ya kwanza, jambo ambalo, nikiisoma vizuri barua yako, ndilo lililomtoa nyumbani. Kisha usiku wa tarehe 8 na wa 9 Mei mlale Amsterdam, mkiwa mmekwishapumzika, mmeizoea baridi, na mnaye kijana wa kuwabebea mizigo.

Mpangilio huu unawaondolea pia adha ambayo wasafiri kutoka kwetu huigundua wakiwa wamekwishachoka. Ndege inatua saa moja asubuhi, lakini hoteli nyingi hukabidhi vyumba kuanzia saa nane au saa tisa alasiri. Zipo zitakazokupokelea mizigo na kukuambia ukatembee mjini, na kumtembeza mzee saa saba nzima baada ya usiku wa kukesha ni adhabu. Hivyo hiyo hoteli ya Ede iandikie mapema, uulize kama chumba kinaweza kuwa tayari saa tatu au saa nne asubuhi, na wakikataa, fikiria kulipia usiku wa tarehe 25 pia. Najua unaiona hiyo kama fedha ya kutupwa, lakini katika safari yote hakuna fedha utakayotumia vizuri kuliko hiyo.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe.

Nyinyi nyote mnachagua hoteli kama mahali pa kulala: mume wako anatazama bei ya kitanda, mdogo wako anatazama dirisha, shemeji yako anatazama hadithi. Mimi naomba muitazame kama mahali pa kurudi mchana. Mkiwa na siku mbili tu, na mmoja wenu anachoka haraka, siku haitakwenda moja kwa moja kutoka asubuhi hadi usiku. Itakatika katikati. Mama atatoka saa nne, atatembea, atakaa, na ikifika saa saba atataka kurudi aswali, anyooshe miguu, alale kidogo, kisha atoke tena jioni. Hoteli inayomwezesha kufanya hivyo inampa siku nne ndani ya mbili, na ile isiyomwezesha inamwachia saa chache za asubuhi na uchovu wa kutwa.

Kwa kipimo hicho hoteli ya uwanja wa ndege inaanguka mara moja, na mwambie mume wako kwa heshima kwamba sina ugomvi na hesabu yake. Euro 70 anazookoa kwa usiku ni fedha halisi. Lakini kutoka huko hadi katikati ya Amsterdam mtasubiri basi la hoteli hadi uwanjani, mtapanda treni inayochukua kama robo saa hadi kituo kikuu, kisha mtapanda tramu au mtatembea, na hapo saa nzima itakuwa imekwisha. Kwenda na kurudi ni saa mbili, na kurudi mchana kupumzika hakutawezekana, kwa hiyo mama atazunguka tangu asubuhi hadi jioni akitafuta benchi. Hoteli za aina ile zinamfaa mtu anayelala usiku mmoja na kuruka alfajiri.

Hoteli ya Prinsengracht nitaikalia zaidi, kwa sababu ndiyo inayovutia kuliko zote na ndiyo inayonipa wasiwasi kuliko zote.

Mifereji mikubwa ya Amsterdam, yaani Herengracht, Keizersgracht na Prinsengracht, ilianza kuchimbwa mwaka 1613, na eneo lake lote liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2010. Viwanja kando yake viligawanywa vyembamba kwa upana na virefu kwenda nyuma, ili wafanyabiashara wengi wapate sehemu mbele ya maji, hivyo nyumba zikapanda juu badala ya kutanuka. Ngazi zikabanwa mpaka zikawa karibu na wima. Ukiinua macho utaona nyumba nyingi zina boriti iliyochomoza kileleni na ndoana yake, kwa kuwa makabati na vitanda havipiti kwenye ngazi, hupandishwa kwa kamba kupitia dirishani hadi leo. Aliyewahi kupanda nyumba za zamani za Mji Mkongwe, Zanzibar, ana picha ya ninachokisema, ila za huko ni nyembamba zaidi. Nyingi zinalindwa kisheria kama urithi, na kuzitoboa ili kuweka lifti si jambo linaloruhusiwa kirahisi.

Miaka kadhaa iliyopita niliwahi kufikia katika nyumba ya wageni ya namna hiyo, kando ya Keizersgracht, chumba cha ghorofa ya tatu kama hicho chenu. Kidato kimoja hakikutosha urefu wa kiatu changu, ikabidi nipande nikiwa nimeuelekeza mguu upande. Mkono mmoja niliushikiza kwenye kamba nene iliyofungwa ukutani badala ya reli, na kijana wa mapokezi alitangulia na begi langu begani. Asubuhi yake nilishuka kinyumenyume, nikitafuta kidato kwa ncha ya mguu, kama mkwezi anavyoshuka mnazi. Wakati huo sikuwa na maradhi yoyote ya miguu. Nilipoisoma habari ya mama yako na daraja la Manzese, kitu cha kwanza kunijia kilikuwa kamba ile.

Elewa pia kwamba katika nyumba hizi mandhari na ngazi huenda pamoja: vyumba vya juu ndivyo vyenye maji dirishani, na vyumba vya chini mara nyingi viko nusu chini ya ardhi, ambapo dirishani huonekana miguu ya wapita njia na matairi ya baiskeli. Aidha nyumba nyingi zina vidato kadhaa vya mawe nje, kabla hujaufikia mlango, na hivyo havihesabiwi mtu anapokuambia chumba chako kipo "chini". Kuandikwa kwamba hoteli ina lifti nako hakutoshi, kwa sababu baadhi ya hoteli zimeunganisha nyumba mbili tatu zenye sakafu zisizolingana, lifti ikawekwa katika nyumba moja, na ukitoka kwenye lifti unakuta vidato vingine sita vya kuvukia nyumba ya pili.

Swali la kuwaandikia kabla ya kulipa ni moja, na liandike kama lilivyo: kuanzia barabarani hadi kitandani, ni vidato vingapi ambavyo mtu hawezi kuviepuka kwa lifti? Atakayekujibu kwa namba anaijua nyumba yake na anakujali, lakini atakayekujibu kwamba wageni wake wote wanafurahia huduma umwache aende. Kwa mama yako mimi ningeweka kikomo cha vidato vitano, tena vyenye reli ya kushikilia.

Nyumba inayoelea sitaichambua kwa urefu. Ni malazi mazuri kwa vijana na kwa familia zenye watoto wakubwa, lakini mara nyingi kuingia ni kwa kivuko chembamba cha mbao kinachoteleza mvua ikinyesha, na kushuka ndani ni kwa ngazi ya meli. Baba yenu angeingia bila kufikiri. Mama yenu asiingizwe.

Je, hii ina maana kwamba mama akose maji dirishani? Si lazima. Zipo hoteli kubwa kidogo kando ya mifereji, nyingine katika majengo mapya zaidi au yaliyokuwa maghala, zenye lifti ya kweli tangu usawa wa barabara. Zitafute kwanza, uliza bei ya tarehe 8 na 9 Mei, na ukipata iliyo ndani ya uwezo wenu, ichukue. Lakini ikiwa uchaguzi utabaki kati ya dirisha lisilo na lifti na lifti isiyo na dirisha, chagua lifti bila kusita, kwa sababu maji ya Amsterdam yapo kila mahali, mji una madaraja zaidi ya 1,000, na hakuna sehemu ya katikati utakayotembea dakika tano usikutane na mfereji.

Kuhusu mtaa, usidanganywe na anwani. Neno gracht maana yake ni mfereji, na Prinsengracht ni mrefu zaidi ya kilomita tatu, namba za nyumba zinapita 1,000, kwa hiyo kuambiwa hoteli ipo Prinsengracht ni sawa na kuambiwa nyumba ipo Barabara ya Uhuru: hujajua bado kama ni Mnazi Mmoja au ni Buguruni. Tazama kwenye ramani kituo cha tramu kilicho karibu, na upime mita kutoka hapo hadi mlangoni. Kwa mama, zisizidi 300.

Mimi ningewaelekeza mtaa wa makumbusho, eneo linalozunguka uwanja wa Museumplein. Barabara zake ni pana na tambarare, ni kutulivu usiku, na kutoka kituo kikuu tramu namba 2 na namba 12 zinafika huko moja kwa moja. Bustani ya Vondelpark ipo jirani na ina mabenchi ya kutosha. Nyumba za huko ni za karne ya 19 na kuendelea, hivyo ni rahisi zaidi kupata lifti ya kawaida, ingawa swali la vidato uliulize huko pia. Na ukivuka barabara mbele ya jumba la makumbusho la Rijksmuseum, unaingia mara moja kwenye mfereji mdogo wa Spiegelgracht, wenye miti na madaraja, ambao mama anaweza kuufikia kwa miguu yake mwenyewe.

Kaskazini, ng'ambo ya maji mapana yanayoitwa IJ, kuna hoteli za bei nafuu zaidi, na pantoni za kuvushia watu nyuma ya kituo kikuu hazitozi nauli, tena ile ya Buiksloterweg inavuka kwa dakika chache usiku na mchana. Mtu aliyezoea pantoni ya Kigamboni hatapata shida ya kuielewa, isipokuwa magari hayapandi, na watu wengi huvuka wakiwa wamesimama kati ya baiskeli. Ingekuwa wewe na mume wako peke yenu, ningewapeleka huko leo. Mama kusimama kila kwendako na kurudiko, sipendelei.

Mtaa wa kuuepuka ni De Wallen, upande wa mashariki wa barabara ya Damrak, karibu sana na kituo kikuu. Ni mtaa wa kale na una mifereji mizuri, ndiyo maana picha za hoteli zake huvutia, lakini ndiko kwenye madirisha ya wanawake wanaouza miili yao, na usiku vichochoro hujaa walevi. Si mahali pa kutoka na mama yako kwenda kutafuta chakula cha jioni. Na mahali popote palipoandikwa coffeeshop, pasikudanganye kwamba panauzwa kahawa, kwa maana kinachouzwa humo ni bangi. Kahawa itafute penye neno café.

Nirudi kwenye fedha. Usilipe hoteli yoyote isiyorudisha fedha kabla viza haijagongwa kwenye pasipoti zote mbili. Uamuzi wa viza ya Schengen, yaani hiyo mnayoiomba ya kuingia Uholanzi, kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu ufike hadi siku 45, na ada ya euro 90 kwa kila mtu mzima hairudishwi hata ukikataliwa. Weka nafasi katika hoteli unazoweza kuzifuta bila malipo mpaka siku chache kabla ya kufika, hata kama ni ghali kidogo, na hakikisha tarehe za hoteli, za nyumba ya rafiki wa mdogo wako, za ndege na za bima ya safari, ambayo inatakiwa kulipia matibabu hadi angalau euro 30,000, zinafuatana bila pengo. Kwa kuwa hamjapeleka maombi, kubadili mpangilio sasa hakuwagharimu chochote.

Bei nayo isome mpaka chini. Manispaa ya Amsterdam hutoza kodi ya wageni ya asilimia 12.5 ya bei ya chumba, na kuanzia Januari 2026 kodi ya ongezeko la thamani kwenye malazi nchini Uholanzi imepanda kutoka asilimia 9 hadi 21. Chumba cha euro 160 kabla ya kodi kinafika takriban euro 214 unapokilipia. Hoteli nyingine huonyesha bei ikiwa na kodi moja tu, na ile ya manispaa hukudai ukifika mapokezi. Uliza jumla ya mwisho kwa usiku wote miwili, kwa maandishi. Kwa hiyo hata zile euro 190 za Prinsengracht, sina hakika kama zingebaki 190.

Kadi ya benki nayo ni muhimu kuliko unavyodhani. Baadhi ya hoteli hushikilia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana, na kikiwa kimeshikwa hukigusi mpaka siku kadhaa baada ya kuondoka. Tramu hazipokei fedha taslimu, bali unagusisha kadi kwenye mashine unapopanda na tena unaposhuka, na kila abiria awe na kadi yake. Nenda benki kabla ya safari, uombe kadi zenu ziruhusiwe kutumika nje ya nchi.

Yapo mengine ya chumbani ambayo hoteli hazitakuambia usipouliza. Omba vitanda viwili vilivyotengana, kwa sababu chumba cha watu wawili huko mara nyingi ni kitanda kimoja, tena si kipana. Uliza kama bafu ni la kusimama lenye sakafu sawa, au ni beseni refu la kuvuka ukingo. Kwa magoti ya mama ukingo huo ni hatari kuliko ngazi. Vyooni hakuna maji ya kutawadhia, hivyo chukua kopo jepesi la plastiki kwenye begi. Kama mama anaswali, mwandalie mapema habari ya nyakati, kwa sababu mwanzoni mwa Mei jua la huko huzama baada ya saa tatu usiku na alfajiri huingia mapema mno, na asipojua atadhani saa yake imeharibika. Kifungua kinywa cha hoteli huwa na nyama ya nguruwe mezani, lakini si lazima mkilipie: mtaa wa De Pijp, mwendo mfupi kutoka Museumplein, una migahawa ya Wasuriname, Waturuki na Wamoroko, na roti ya Wasuriname, ambayo ni chapati kubwa na mchuzi wa kuku na viazi, mama ataila bila kuelekezwa.

Mfundishe pia njia za baiskeli. Mara nyingi zimetandikwa lami nyekundu kando ya njia ya miguu, na waendeshaji hawapunguzi mwendo. Mshike mkono kila mnapovuka, kama unavyomshika anapovuka Barabara ya Mandela.

Na sasa yale maji ya baba. Siku ya tarehe 9, baada ya mama kulala mchana, mpeleke kwenye boti za kuzungusha wageni, ambazo zina kituo kando ya Rijksmuseum. Chagua yenye paa la kioo, muulize mhudumu kuhusu vidato vya kushukia ndani, na umkalishe mama dirishani. Kwa muda wa saa moja hivi atapita chini ya madaraja ya Herengracht na Prinsengracht akiwa amekaa, na zile nyumba nyembamba ambazo asingeweza kuzipanda atazitazama kutoka usawa wa maji, yaani kutoka pale alipozitazamia mume wake. Mkiwa na nguvu asubuhi ya siku hiyohiyo, Makumbusho ya Bahari, Het Scheepvaartmuseum, ina mfano kamili wa meli ya karne ya 18 uliofungwa gatini nje. Mwache aitazame kutoka nchi kavu, asipande.

Usimuulize tena mama angependa kulala wapi, maana amekwishakujibu kama wazazi wetu wanavyojibu. Muulize badala yake anataka kuamka aone nini, na kama anaogopa ngazi. Hayo mawili atakuambia ukweli.

Asubuhi ya tarehe 10 mtatakiwa kuwa Schiphol muda wa saa tatu kabla ndege haijaruka. Basi namba 397 linapita Museumplein na kufika uwanjani kwa takriban nusu saa, bila kubadilisha na bila kupanda ngazi za kituo chochote. Angalia ratiba yake usiku wa tarehe 9, na mizigo ya mama abebe mdogo wako.

Msalimie sana mama yako.

Shangazi